Pilau inatoka chungu na bizari hainukii: kosa liko wapi?

Sufuria_ya_Birere (Goma)

Jambo wote. Nauliza wanaoijua vizuri bizari ya pilau, ile ambayo kwenye pakiti zetu inaandikwa cumin. Ni pilau ya ng'ombe ya watu kama ishirini, kwenye mbabula (jiko) ya makala (makaa), sufuria kubwa ya aluminiamu.

Vipimo: mchele kilo 2, nyama kilo 1 na nusu, vitunguu vikubwa 6, mafuta robo lita, bizari ya unga vijiko 3 vya supu, na karafuu, iliki na mdalasini kidogo. Mafuta yakishika moto naweka bizari kwanza ili itoe harufu, halafu vitunguu, halafu nyama mbichi, halafu maji lita 5. Nyama ikilainika natia mchele.

Matokeo: rangi ya kijivu badala ya kahawia, uchungu unaobaki kooni, na harufu ya bizari hakuna, kuna harufu ya moshi. Mchele wa juu una kiini kigumu, wa chini umeshika sufuria. Nikipunguza bizari hadi kijiko kimoja, uchungu unapungua lakini inakuwa wali wa nyama tu.

Ni bizari mbovu, ni kipimo, au ni moto? Na ni kweli kwamba ya unga na ya mbegu ni kitu kimoja, tofauti ni kazi ya kutwanga tu?

MamaKinu (Bukavu)

Ndugu, vijiko vitatu kwa kilo mbili za mchele si vingi. Usipunguze. Na usianze kumlaumu muuzaji. Bizari yako inaungua kabla kitunguu hakijaingia, ndiyo habari yote.

Unga ni chembe ndogo mno. Mafuta yaliyoanza kutoa moshi yanauchoma ndani ya sekunde kumi, pengine hata tano. Mbegu nzima inavumilia nusu dakika kwa sababu moto unaanzia nje na ndani bado kuna ubaridi. Unga ukishageuka mweusi, uchungu wake unaingia kwenye mafuta, na mafuta yanaingia kwenye kila punje ya mchele. Hapo hata ukitia sukari unajidanganya.

Harufu nayo: bizari ina mafuta yake ndani, na harufu yake kuu wataalamu wanaiita kuminaldehidi. Inayeyuka kwenye mafuta ya kupikia, kwenye maji inayeyuka kidogo sana, na moto mkali unairusha. Ukisikia nyumba nzima inanukia pilau wakati mchele bado uko kwenye beseni, ujue harufu imeshatoka sufuriani.

Kwa hiyo gawanya bizari mara mbili. Kwa kilo 2 za mchele chukua mbegu vijiko 4 vya supu vilivyosawazishwa, ni kama gramu 24. Vijiko 2 vitaingia vizima. Vijiko 2 vingine kaanga kavu, twanga, weka pembeni.

Kukaanga kavu: kisufuria kizito, bila tone la mafuta, makala machache. Koroga bila kuachia, kama dakika mbili. Usiangalie saa, angalia mbegu: rangi inapanda kidogo tu, zinaanza kuruka moja moja, na harufu inaacha kuwa ya majani makavu inakuwa kama ya karanga. Ukiona uzi wa kwanza wa moshi, mimina kwenye sahani papo hapo. Ukiziacha kisufuriani, hata nje ya moto, chuma kinaendelea kuzikaanga na zitapita. Ziache zipoe kabisa kabla ya kinu. Mbegu zenye joto bado zina mvuke, na unga wake unagandamana kwenye mchi badala ya kuwa unga. Zikipoa zinavunjika kirahisi, hata kwa chupa juu ya ubao.

Sasa mpangilio. Nyama ichemshe peke yake kwanza, na nusu ya tangawizi iliyotwangwa, nusu ya kitunguu saumu, na chumvi, hadi ilainike. Supu yake usimwage, ndiyo maji ya pilau.

Vitunguu vikate vyembamba na unene mmoja. Kipande nene na chembamba pamoja, kimoja kitakuwa kibichi wakati kingine ni mkaa. Weka kwenye mafuta ya moto wa kati. Dakika kumi na tano za mwanzo utaona kama hakuna kinachoendelea, kwa sababu maji ya kitunguu yanatoka kwanza na kitunguu hakiwezi kubadilika rangi kikiwa kimelowa. Maji yakiisha, sauti ya mafuta inabadilika, inakuwa kali na kavu, na kuanzia hapo kitunguu kinakimbia: dakika tatu au nne tu kutoka manjano hadi kahawia. Hapo usiondoke hata kama simu inalia. Rangi ya pilau inatoka kwa kitunguu, bizari haigeuzi wali kuwa kahawia hata uweke nusu kilo. Wengi wanaongeza bizari wakitafuta rangi, wanapata uchungu.

Kitunguu kikiwa kahawia ya karanga iliyokaangwa vizuri, tia mbegu nzima, mdalasini vijiti 3, karafuu 12, iliki 15 zilizopasuliwa, pilipili manga kijiko cha chai. Sekunde ishirini hadi thelathini. Mbegu zitatoa povu dogo pembeni. Hapo hapo tia saumu na tangawizi iliyobaki, koroga dakika moja, halafu supu pawa moja. Supu hiyo inazuia kitunguu kisiendelee kuungua, na ndiyo inayovuta rangi kutoka kwenye vitunguu kwenda kwenye maji. Tia nyama, igeuze hadi mafuta yajitenge.

Ule unga wa kinu: nusu yake vuruga na maji vijiko vitatu uwe uji, tia hapa na nyama. Ukiwa na maji hauungui. Nusu ya mwisho nyunyiza juu ya wali wakati unafunika kwa mara ya mwisho. Hiyo ndiyo watu watainusa kifuniko kikifunguliwa.

Mpishi_Himbi (Goma)

Naongeza moja kwa jibu la Mama: hakikisha ulichonunua ni bizari yenyewe. Mbegu nne zinauzwa zikichanganywa majina.

Bizari nyembamba, hiyo cumin, ni punje ya milimita tano hivi, rangi ya vumbi la kahawia, karibu imenyooka, ina mistari na vinyweleo vidogo. Ukiisugua kiganjani inanuka joto na ukali.

Ya pili ni kisibiti, kwa Kifaransa carvi. Ina giza zaidi, imepinda kama mwezi mchanga, na ukiitafuna unasikia ubaridi na utamu kama wa anisi. Wafaransa wenyewe wanaiita pia cumin des prés, kwa hiyo maneno ya Kifaransa hayasaidii hapa. Mapishi yao yakisema cumin ndani ya mkate au jibini, mara nyingi wanamaanisha kisibiti. Pilau ya kisibiti inakuwa kama dawa ya tumbo.

Ya tatu shamari: kubwa zaidi, ya kijani, tamu. Ya nne habasoda, nyeusi kabisa, yenye pembe, wanaiandika cumin noir. Hiyo hata si ndugu. Bizari, kisibiti, shamari na giligilani wote ni ukoo wa karoti. Habasoda ni ukoo mwingine.

Ya unga huwezi kuitambua kwa macho, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kununua mbegu. Unga unaweza kuchanganywa na maganda ya giligilani, unga wa mahindi, au bizari iliyolala duka miaka. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 huko Marekani bidhaa nyingi zenye bizari ya unga zilirudishwa kutoka madukani kwa sababu ilikutwa na protini ya karanga ambayo haikuandikwa. Kwa mtu mwenye mzio wa karanga hilo ni jambo la hatari. Mbegu, ukizimwaga kwenye ungo, unaona kila kitu: mawe, vijiti, vumbi. Pepeta, chambua, maliza.

Sufuria_ya_Birere (Goma)

Asante sana Mama, na wewe ndugu wa Himbi. Nimeangalia pakiti: ni unga, rangi yake imepauka, na nikisugua kiganjani nasikia kama vumbi la kabati. Nitatafuta mbegu.

Imebaki sehemu ya pili. Mchele wa juu mbichi, wa chini umeshika. Nikiongeza maji unakuwa uji, nikipunguza unaungua. Mbabula ina moto wake, haina kitufe. Na nyama ya ng'ombe inachukua hadi saa mbili kulainika, makala yanaisha.

Makala_Mawili (Goma)

Hiyo ya nyama ni mlima. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Hata ukichochea makala mpaka mbabula iwe nyekundu, maji hayatapanda zaidi, yatapungua tu haraka. Kwa hiyo maharagi, nyama ya ng'ombe mzee na hata mchele vinachelewa kuliko kitabu cha mtu wa Mombasa kinavyosema. Dawa ni mfuniko mzito, au sufuria ya presha kwa nyama: dakika arobaini badala ya saa mbili. Kata nyama vipande vya upana wa vidole viwili, visiwe vya ngumi.

Moto. Pilau inataka mioto miwili tofauti, na kosa la wengi ni kutumia mmoja. Mchele ukiingia kwenye supu inayochemka, moto uwe mkubwa, bila kufunika, usikoroge zaidi ya mara moja. Maji yatashuka hadi yalingane na mchele na utaona vishimo vinapumua juu. Hapo badilisha kila kitu: toa makala karibu yote, bakisha ya kuzunguka ukingo wa mbabula, katikati iwe tupu, na yaliyobaki yafunike kwa majivu yake. Makala ya katikati ndiyo yanayounguza chini, kwa sababu sufuria ya aluminiamu nyepesi inapeleka moto wote mahali pamoja.

Makala uliyotoa usiyazime. Funika sufuria, weka kifuniko cha bati kilicho bapa, na yapange juu ya kifuniko, mengi pembeni, machache katikati. Sasa wali unapata moto juu na chini, na ule wa juu hautabaki na kiini. Dakika ishirini na tano. Katikati ya muda geuza mara moja, kwa mwiko bapa, ukianzia ukingoni kwenda chini, bila kusaga. Majivu yasiingie: kabla ya kufunua, sukuma makala upande mmoja, yaangushe kwenye sahani ya bati, halafu pangusa kifuniko.

Kama sufuria ni nyepesi sana, weka bati bapa kati yake na makala. Bei yake ni dakika tano zaidi, lakini chini hakuungui.

Mchele_wa_Ruzizi (Bukavu)

Lita tano ni nyingi, jamani. Kosa la maji linatokana na hesabu moja ambayo watu wanaikariri: "maji mara mbili ya mchele". Kwa sufuria ya watu wanne ni sawa sawa. Kwa ya ishirini si sawa.

Mchele unakunywa kiasi chake, kama ujazo wake mwenyewe au zaidi kidogo. Mengine yanaondoka na mvuke, na mvuke hauhesabu kilo, unahesabu upana wa sufuria na dakika za moto. Ukiongeza mchele mara mbili, mvuke hauongezeki mara mbili. Kilo 1 ya mchele ni kama lita 1 na robo, inataka supu karibu lita 2. Kilo 2 ni kama lita 2 na nusu, inataka lita 3 na nusu, si 4. Kwa moto wa kwetu, ongeza kikombe kimoja cha akiba kikae kwenye birika, kikiwa cha moto. Ukiona juu bado kuna kiini wakati wa kugeuza, nyunyiza kwa mkono. Maji baridi yanakatisha wali.

Hizo ni za mchele mrefu wa basmati ulioloweshwa dakika thelathini na kuchujwa kabisa. Mchele wetu wa bonde la Ruzizi una punje fupi na unga zaidi juu yake. Uoshe mara nne, tano, hadi maji yawe karibu safi, uloweshe robo saa, na maji uyapunguze: lita 3 kwa kilo 2, ukiwa mpya wa mavuno. Mchele uliokaa ghalani mwaka ni mkavu, unakunywa zaidi, huo uende lita 3 na nusu. Muulize anayeuza ni wa lini, au utafune punje: mpya unavunjika kwa ulaini, wa zamani unalia kama kijiwe.

Na chumvi onja supu kabla mchele haujaingia. Iwe imezidi kidogo, kama ungetaka kuilalamikia. Mchele ukishainywa itakuwa sawa. Ukiongeza chumvi baadaye haitaingia, itakaa juu. Wanaotia kube, vile vidonge vya supu, wakumbuke kube ni chumvi zaidi ya kitu kingine, na ladha yake inaifunika bizari. Mimi naona ukiwa na supu ya nyama, kube ni ya nini?

PapaMichopo (Lubumbashi)

Salamu kutoka huku. Tahadhari ya jina, maana huku inatusumbua zaidi yenu: bidhaa nyingi zinapita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Tanzania, na pakiti ya Tanzania ikiandikwa "binzari" peke yake, mara nyingi ndani ni unga wa manjano. Unataka iliyoandikwa "binzari nyembamba", wengine wanaandika uzile, wengine jira. Ukitia vijiko vitatu vya manjano kwenye pilau utapata sufuria ya manjano tu.

Halafu ndugu zangu wa Kivu, mnaongea bizari kama haina kazi nje ya pilau. Kwa nyama ya mbuzi ya kuchoma, michopo yetu, hakuna kiungo kinachoishinda, isipokuwa wengi wanaipaka vibaya. Unga wa bizari kwenye nyama inayochomwa juu ya makala ni hadithi ile ile ya mafuta ya moto: mafuta ya mbuzi yanadondoka, moto unaruka, unga ulio juu ya nyama unakuwa masizi. Fanya hivi kwa kilo moja. Saga bizari iliyokaangwa vijiko 2 vya chai. Kijiko kimoja changanya na saumu punje 5, mafuta vijiko 2 vya supu, na maji ya ndimu moja, paka nyama, acha saa moja au mbili. Usilaze usiku kucha na ndimu, nyama inageuka unga nje na inabaki ngumu ndani. Kabla ya kuchoma, pangusa kilichozidi. Kijiko cha pili changanya na chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai na pilipili kavu ya unga, weka kwenye kisahani. Hiyo inanyunyizwa nyama ikishatoka motoni, mafuta yakiwa bado yanachemka juu yake. Inashika yenyewe.

Na maharagi. Chemsha hadi yalainike kabisa kabla ya nyanya, kwa sababu uchachu wa nyanya unaligandisha ganda lake na utachemsha mpaka kesho, hasa nyinyi wa milimani. Yakiwa tayari, kwenye kikaango kidogo pasha mafuta vijiko 3, tia mbegu za bizari kijiko 1 na nusu cha chai kwa nusu kilo ya maharagi makavu. Zikianza kucheza, saumu iliyokatwa. Saumu ikipata rangi ya dhahabu, mimina vyote juu ya maharagi, mafuta na mbegu, funika mara moja. Usikoroge kwa dakika mbili. Itapiga kelele, hiyo ndiyo unataka.

Mawese pia yanakubali, sombe (majani ya muhogo) pia.

MamaKinu (Bukavu)

Papa, kwa maharagi na mbuzi nakuunga mkono. Sombe hapana. Sombe ina mawese, ina vitunguu vya majani, wengine wanatia karanga, wengine ndagala. Bizari ikiingia humo inagombana na kila mtu. Mawese mekundu yana harufu nzito yake yenyewe, na ili uyapashe mpaka mbegu zicheze yameshaanza kupoteza rangi na ladha uliyoyanunulia. Ukitaka lazima bizari na mawese kwenye maharagi, pasha bizari kwenye mafuta meupe kidogo, mawese uyatie mwishoni yakiwa ya kawaida.

Kwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, naam. Nusu kilo ya sambaza mbichi, zioshe, zichuje mpaka zikauke. Unga wa ngano vijiko 4, bizari ya kutwanga kijiko 1 cha chai isiyokaangwa kabla, chumvi. Isiyokaangwa, kwa sababu mafuta ya kukaangia yataikaanga hapo hapo. Ukitia iliyokwisha kukaangwa inapita kiasi. Zipakae unga, zipepete kwenye chujio ili unga usioshika udondoke, maana huo ndio unaoungua chini ya mafuta na kuchafua mkupuo wa pili. Mkupuo mdogo mdogo, dakika tatu.

PapaMichopo (Lubumbashi)

Sombe tutakutana mezani, Mama. Sikubali wala sikatai.

Sufuria_ya_Birere (Goma)

Nimeelewa: mbegu, kitunguu kwanza, nyama ipikwe peke yake, supu lita 3 na nusu, makala juu ya kifuniko. Maswali mawili ya mwisho. Moja, kama unga tayari umeungua kwenye mafuta, kuna namna ya kuokoa? Mbili, mbegu zikae wapi na kwa muda gani? Nikinunua robo kilo ni nyingi?

Makala_Mawili (Goma)

La kwanza: inategemea umegundua lini. Kama ni mafuta na bizari tu, mwaga, pangusa sufuria kwa kitambaa kikavu, anza upya. Robo lita ya mafuta ni hasara ndogo kuliko kilo mbili za mchele na nyama. Kama vitunguu vimeshaingia na vina vidoa vyeusi, toa vitunguu kwa kijiko chenye matundu, onja mafuta yakipoa kidogo kwenye kijiko. Yakiwa chungu, yote yaende. Mchele ukishaingia hakuna cha kuokoa. Unaweza kupunguza makali kwa kachumbari yenye ndimu nyingi na mtindi pembeni.

Mpishi_Himbi (Goma)

La pili. Robo kilo ni gramu 250, na pilau yako ya kilo 2 inakula gramu 24. Kwa hiyo ni pilau kumi. Kama unapika mara moja kwa mwezi, nunua gramu 100.

Mbegu nzima, kavu, zikifungwa vizuri zinakaa mwaka na zaidi bila kulalamika. Iliyotwangwa inashuka ndani ya wiki chache, ile ya kukaangwa na kutwangwa haraka zaidi, kwa hiyo twanga ya siku hiyo tu. Weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha. Plastiki nyembamba ya sokoni inapitisha harufu: ukiiweka kabatini karibu na majani ya chai, baada ya wiki utakunywa chai ya pilau. Usiiweke kwenye rafu iliyo juu ya mbabula. Mvuke unapanda, chupa inatoa jasho ndani, mbegu zinashika ukungu, na ukungu unanuka kama gunia lililonyeshewa. Zikinuka hivyo, tupa, usizikaange ukidhani moto utaziponya.

Na usichote kwa kijiko kilichotoka kwenye sufuria inayochemka. Mimina kiganjani kwanza, mbali na mvuke.

Mchele_wa_Ruzizi (Bukavu)

Kuchota kwenyewe: kijiko cha supu cha nyumba moja si cha nyumba nyingine. Vile vijiko virefu vya chuma vya zamani vinabeba karibu mara moja na nusu ya hivi vipya vyembamba. Kama huna mizani, kipimo changu ni kifuniko cha chupa ya plastiki ya maji, ile ya nusu lita. Kikijaa na kusawazishwa kwa kisu, kinabeba kama kijiko kimoja cha chai. Vitatu ni kijiko kimoja cha supu. Kwa pilau yako ni vifuniko kumi na viwili: sita vizima, sita vya kinuni.